"WANANCHI HAWAJAELEWA"
Somo juu ya namna watu wa siasa wanavyowasema wapiga kura wa mitaa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita



Liko neno moja ambalo kila aliyepata kuhudhuria mkutano wa siasa hapa Uganda amelisikia, liwe limesemwa kwa Kiingereza, kwa Kiganda, kwa Kiacholi, au kwa Kiswahili cha sokoni. Neno lenyewe ni kwamba wananchi hawajaelewa. Hulisema diwani aliyeshindwa katika uchaguzi. Hulisema mwenyekiti anapoulizwa habari za daraja lililovunjika. Hulisema hata mgombea mpya, ambaye bado hajapata nafasi ya kuwafundisha hao wananchi chochote. Ni neno jepesi kulitamka, wala halimgharimu msemaji hata senti moja.

Katika somo hili nataka tulichukue neno hilo kama tunavyochukua sentensi katika darasa la sarufi, tuichambue sehemu kwa sehemu. Ni nani asemaye? Anamsema nani? Na ni kitu gani hasa ambacho hakikueleweka? Jambo hili latuhusu sana. Wengi wetu katika kidato hiki tumekwisha timiza miaka 18, nao ndio umri wa kupiga kura. Basi ikisemwa kwamba wapiga kura hawaelewi, ni sisi tunaosemwa, pamoja na mama zetu na baba zetu.

1. KUELEWA KWA NAMNA TATU

Mtu akisema, "Wananchi hawajaelewa uchaguzi huu," huenda anasema moja katika mambo matatu.

La kwanza ni njia ya kupiga kura: siku gani, mahali gani, daftari gani, alama itiwe wapi katika karatasi ili kura isiharibike. 

La pili ni kazi ya cheo: mtu huyu akichaguliwa, sheria inampa uwezo wa kufanya nini, na ni lipi lisilo lake.

La tatu ni kumchagua nani. Hapo mwanasiasa akisema hawakuelewa, maana yake mara nyingi ni kwamba hawakumchagua yeye.

Mambo mawili ya kwanza ni elimu kweli. Yaweza kufundishwa, na asiyeyajua hana aibu, maana kuuliza si ujinga. Lakini la tatu si elimu, ni hukumu. Mtu aliyejua namna ya kupiga kura, akajua na kazi ya cheo, kisha akampa mwingine kura yake, huyo ameelewa vizuri kabisa, ila hakukubali. Kuelewa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. Ubaya wa neno "hawajaelewa" ni kwamba huvichanganya vitu hivyo viwili katika chungu kimoja, na mlaji hajui anakula nini.

2. NENO HILI NI LA ZAMANI

Asidhani mtu kwamba neno hili lilianza na madiwani wetu. Babu zetu waliambiwa hivyo hivyo. Serikali za kikoloni katika Afrika ya Mashariki zilishika hoja ya kwamba Waafrika walio wengi bado hawajawa tayari kwa kura, na kwa hiyo haki hiyo wapewe wachache.

Kenya, katika uchaguzi wa Machi 1957, Mwafrika aliyetaka kupiga kura alitakiwa kuwa na sifa maalum za elimu, mali, au utumishi. Tena mwenye sifa nyingi aliweza kupata hata kura tatu, hali jirani yake hana hata moja. Hapa Uganda, katika uchaguzi wa Oktoba 1958, vilevile kulikuwa na masharti kama kujua kusoma na kuandika, au kuwa na ardhi, au kuwa na kipato fulani.

Mfano wa Tanganyika unafundisha zaidi. Huko, katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, mtu mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi kilichowekwa, ndiye aliyeandikishwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mara moja: Mwafrika, Mwasia, na Mzungu. Ulikuwa utaratibu wa kuchanganya akili. Chama cha TANU kilikutana Tabora Januari 1958, kikaamua kushiriki, kisha kikashika kazi ya kuwaeleza wafuasi wake jinsi ya kuzitumia kura hizo tatu. Wagombea waliotegemezwa na TANU wakashinda. Ni kweli waliopiga kura hiyo walikuwa wachache na wenye sifa, lakini somo lake ni la watu wote: jambo gumu la uchaguzi hueleweka, kama yuko mtu anayetaka lieleweke.

Muda mfupi baadaye hoja ya "bado" iliondolewa. Uganda ilipiga kura ya watu wazima wote Aprili 1962, isipokuwa Buganda, ambako wabunge walipatikana kwa njia ya Lukiiko. Kenya nayo ikapiga Mei 1963. Wasiojua kusoma walisimama pamoja na walimu wao mbele ya sanduku. Basi huwa nashangaa nikisikia mtoto wa wale walioambiwa "bado hamjaelewa" akilichukua neno lile lile na kuwatupia wanakijiji wenzake.

3. KITU CHA KUELEWA NI KINGI

Hata hivyo tusifanye kana kwamba mambo ya mitaa ni rahisi. Hapa kwetu zipo ngazi tano za halmashauri, nazo huitwa LC. LC I ni ya kijiji. LC II ni ya muluka. LC III ni ya gombolola. LC IV ni ya saza. LC V ni ya wilaya nzima. Zilianza kama Halmashauri za Upinzani, yaani RC, wakati wa vita vya msituni, zikaenea nchi nzima baada ya mwaka 1986. Katiba ya 1995 ikazipa jina la sasa, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaeleza kazi zake.

Mwenyekiti wa LC I ndiye anayemjua mtu kwa jina. Huandika barua za utambulisho, hushuhudia watu wanapouziana shamba, hushughulika na usalama wa kijiji. Halmashauri yake yaweza pia kuketi kama mahakama ndogo, nayo kazi hiyo imewekewa sheria yake ya mwaka 2006. Gombolola ni serikali ya mitaa yenye bajeti na madiwani. Wilaya ndiyo inayosimamia shule za msingi za serikali, zahanati, na barabara za wilaya. Barabara kuu ni za serikali kuu. Mbunge, ingawa twamwona mara nyingi katika mazishi na harambee, kazi yake ni kutunga sheria na kuichunguza serikali.

Sasa fikiri juu ya mgombea udiwani wa gombolola anayesimama juu ya meza na kuahidi barabara ya lami ya maili ishirini. Anajua kwamba halmashauri ya gombolola haina uwezo huo. Watu wanamshangilia. Baada ya miaka mitatu wanamwuliza lami iko wapi, naye anajibu, "Wananchi hawaelewi mipaka ya kazi yangu." Je, mipaka hiyo hakuijua siku ile ya meza? Aliyepanda mbegu ya kutoelewa ni yeye mwenyewe, na sasa analalamikia mavuno.

Chukua tena habari ya fedha. Kwa sheria, kodi za mahali zinazokusanywa na gombolola za mashambani hubaki katika gombolola kwa asilimia 65, na asilimia 35 huenda wilayani. Katika hizo zinazobaki, fungu fulani lapaswa kushuka mpaka vijijini. Ni madiwani wangapi wanaolitaja jambo hilo katika mikutano? Mwananchi mwenye kulijua atauliza, "Fungu la kijiji chetu liko wapi?" Swali la namna hiyo halipendezi. Basi mara nyingine kutoelewa kwa watu kuna faida kwa yule yule anayekulaumu.

Hapana budi niseme na habari ya kodi ya kichwa. Kwa miaka mingi kodi ile ilikuwa nguzo ya serikali za mitaa, lakini iliondolewa mwaka 2005, uchaguzi mkuu wa 2006 ukiwa karibu. Watu wengi walifurahi, maana ukusanyaji wake ulikuwa na ukali mwingi. Tangu hapo halmashauri zimetegemea zaidi fedha zitokazo serikali kuu, nazo nyingi huja zikiwa zimekwisha pangiwa kazi. Kwa hiyo mzee asemapo, "Huyu diwani hana kitu, mambo yako Kampala," yuko karibu zaidi na ukweli kuliko hotuba nyingi. Mtu wa siasa humwita mzee huyo mvivu wa kupiga kura. Mimi naona kwamba amesoma bajeti kwa macho yake, bila kuona karatasi.

4. WANAOSIMAMA KATIKA MSTARI

Tarehe 10 Julai 2018 vijiji vya Uganda vilichagua wenyeviti wa LC I kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2001. Katikati palipita miaka 17. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uchaguzi wa halmashauri hizo haukuweza kufanywa kwa utaratibu wa zamani usio wa vyama, na baada ya hapo uchaguzi ukaahirishwa tena na tena. Wenyeviti wa zamani waliendelea kutia mihuri. Wengine walizeeka katika cheo, wengine wakafa. Kisha waliochaguliwa 2018 walimaliza miaka yao mitano mwaka 2023, na muda wao ukaongezwa bila uchaguzi.

Nawauliza wenzangu: mtu atajuaje uchaguzi asiopewa? Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2002 alifikia miaka 34 ndipo akamchagua mwenyekiti wa kijiji chake kwa mara ya kwanza. Ufundi huja kwa kufanya. Hatuwezi kumnyima mtu jembe kwa miaka 17, halafu tukacheka mikono yake kuwa laini.

Uchaguzi ule wa 2018 haukuwa wa siri. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa. Waliotetea njia hii walisema ni ya gharama ndogo, hakuna karatasi za kuiba, tena hata asiyesoma anaielewa. Hoja hizo zina uzito wake. Lakini jirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu ya jambo hili, na neno lao ni mlolongo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wanachama walipanga mstari nyuma ya wagombea, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri kufuata. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa ya kwamba mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi, na mwaka 1990 chama chenyewe kikaamua kuiacha njia hiyo.

Tena, katika mstari wote wanakuona. Anakuona mwenye duka anayekudai. Anakuona mwenye shamba ulilolikodi. Anakuona mkweo. Anakuona mwenyekiti wa sasa, ambaye kesho utamwomba barua ya mtoto wako. Basi mama mmoja akiamua kubaki nyumbani apalilie maharagwe, msemaji wa siasa atasema huyo haelewi umuhimu wa uchaguzi. Huenda anauelewa kupita msemaji. Anajua kwamba kusimama nyuma ya mmoja ni kumgeuzia mgongo mwingine, naye ataishi na wote wawili.

5. SABUNI NA CHUMVI

Lawama iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kwamba wananchi wanauza kura zao kwa kipande cha sabuni, kilo ya chumvi, au noti ya shilingi elfu mbili. "Hawaelewi thamani ya kura," wanasema.

Sitaki kulitetea jambo hili. Rushwa ni rushwa, na sheria zetu za uchaguzi zinamhesabu mtoaji kuwa mkosaji na mpokeaji vilevile. Lakini sabuni haitembei yenyewe kuingia kijijini. Yuko aliyeinunua kwa katoni, akaipakia katika gari, akaigawa usiku. Mtu huyo huyo akisimama mchana kulia juu ya ujinga wa wapokeaji, tumkumbushe kwamba nyani haoni kundule.

Tena tusikie upande wa mpokeaji. Amewaona wagombea watano katika maisha yake. Wote waliahidi, na baada ya kura hakuwaona mpaka kura nyingine. Yeye anafikiri hivi: kitu pekee nitakachopata kwa mtu huyu ni hiki kilichomo mkononi mwake leo. Hesabu hiyo ina kosa, maana kipande cha sabuni kwa miaka mitano ni bei ya hasara kubwa. Lakini ni hesabu, nayo hujibiwa kwa hesabu nyingine, yaani kwa kiongozi anayerudi baada ya kura kusomea watu mapato na matumizi. Matusi hayajawahi kumfundisha mtu hesabu.

6. MGALA MUUE NA HAKI UMPE

Nisionekane kwamba nawapiga watu wa siasa kwa fimbo moja. Kati ya kaka zetu waliosoma hapa wamo madiwani na wenyeviti, nao watasoma makala hii. Kazi yao ni ngumu. Diwani wa gombolola huombwa karo, huombwa jeneza, huombwa nauli ya hospitali, kana kwamba posho yake ni hazina ya taifa. Akisema, "Hiyo si kazi yangu," huambiwa ana kiburi. Hapo kweli kazi ya cheo haijaeleweka, na diwani anayelieleza jambo hilo kwa upole, mwaka baada ya mwaka, anafanya kazi njema kuliko yule anayegawa fedha ili anyamazishe watu.

Tena ziko kura zinazoharibika kwa sababu mtu hakuonyeshwa mahali pa kutia alama. Katiba, katika kifungu cha 61, imeipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuandaa elimu ya mpiga kura. Elimu hiyo ikichelewa, au ikija kwa lugha isiyosemwa kijijini, wananchi hawastahili kulaumiwa. Diwani anayelalamika kwa Tume juu ya jambo hilo, badala ya kulalamikia jirani zake, ana haki.

7. TAZAMA SAA

Mwisho wa uchambuzi wetu ni saa. Mtu wa siasa akiwasema wapiga kura, tazama saa yako. Kabla ya kura, akiwa jukwaani, wapiga kura ni watu wenye hekima, hawadanganyiki. Akishinda, wameelewa kabisa, wamesema kwa sauti moja. Akishindwa, ni watu wale wale, wa kijiji kile kile, na daftari ni lile lile, lakini sasa hawajaelewa, wamepotoshwa. Katika siku tatu akili ya kijiji kizima imepanda na kushuka kama maji ya kisima. Hakuna kitu kilichobadilika ila matokeo.

Kwa hiyo natoa kipimo cha maswali matatu, kila msomaji akichukue. Ukisikia neno "hawajaelewa", uliza: Hawajaelewa nini, njia, kazi, au mtu? Ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuwaeleza, naye aliwaeleza lini? Na je, msemaji angesema hivyo kama angeshinda? Akiyajibu yote matatu bila kutikisika, msikilize, maana ana jambo. Akishindwa, basi hasira yake ndiyo inayosema.

Na sisi tuliosoma tujihadhari zaidi ya wengine. Ugonjwa huu hupenda kukaa ndani ya mtu mwenye cheti. Likizo ijayo tutarudi vijijini na Kiingereza chetu, nasi tutashawishika kusema kwamba wazee hawaelewi. Afadhali tufanye kazi: tumsomee jirani orodha ya kazi za kila ngazi katika lugha yake, tuulize gombolola bajeti iko wapi, tuhakikishe majina yetu yamo katika daftari. Huenda tukaona kwamba wazee wanajua mambo mengi kuhusu uchaguzi ambayo hayamo katika vitabu vyetu.

MASWALI KWA CHAMA CHA MIJADALA

1. "Kuelewa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine." Toa mifano miwili kutoka wilaya yako.
2. Kupanga mstari na kura ya siri: ni ipi inayofaa zaidi kijiji cha watu mia mbili wanaojuana? Eleza hasara ya kila moja.
3. Mgombea wa LC III ameahidi barabara ya lami. Mwandikie barua ya heshima, isiyozidi maneno mia moja, ukimwuliza fedha zitatoka wapi.
4. Ni nani anayepata faida wapiga kura wasipojua kazi za halmashauri yao?